Jinsi ya kupata bwawa la hoteli la kupumzika kweli, sio la kupigia picha tu

Watu wakisikia nimeenda hoteli kuogelea swali lao huwa ni moja, bwawa gani zuri? Na mimi nawarudishia swali, unaenda siku gani na saa ngapi? Maana bwawa ambalo Jumanne saa tatu asubuhi limetulia mpaka unasikia kunguru wanagombana juu ya minazi, Jumapili saa tisa mchana lina spika mbili, bethidei tatu, na watoto wanaruka kutoka kila upande mpaka maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Hoteli ni ile ile. Kwa hiyo kabla sijataja ninayoyapenda naanza na namna ya kuchagua, hiyo itakusaidia hata kwenye mji ambao mimi sijafika.

Anza na siku. Mimi naishi Dar na nimezoea kuchukua siku moja ya likizo katikati ya wiki badala ya kusubiri wikendi, siku moja tu, naacha laptop nyumbani, naondoka mapema kabla foleni haijakaza. Asubuhi maji yamekaa usiku kucha hayajaguswa, pampu zimezunguka, filta zimechuja, dawa imewekwa, hayajapata jasho wala losheni ya mtu. Na jua bado rafiki. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa jua letu la huku karibu na ikweta sio la kukaa nalo, toka majini, kaa kivulini, kula, lala usingizi, halafu rudi saa kumi likishalegea. Ukiipanga siku hivyo utarudi nyumbani umepumzika, ukiingia majini saa sita na kutoka saa tisa utarudi na kichwa kinauma na mabega hayagusiki.

Pili piga simu, tena piga asubuhi ile ile ya kwenda hata kama ulishauliza jana. Hili nimejifunza kwa uchungu. Niliwahi kumwahidi binti yangu siku ya kuzaliwa kwake tungeenda hoteli fulani, siitaji, tumefika getini tumelipa, tumebadilisha nguo, tunatokea upande wa bwawa tunakuta limezungushiwa maua na viti vyeupe, kuna harusi jioni, hakuna kuogelea. Hela ya kiingilio ikabidi tuile kwa juisi na chipsi, mtoto kavaa boya lake mkononi anaangalia maji. Tangu siku hiyo nauliza moja kwa moja, "leo bwawa liko wazi kwa wanaotoka nje mpaka saa ngapi, na kuna shughuli yoyote?" Wapokea simu wa hoteli wengi wakiulizwa hivyo wanasema ukweli, ila usipouliza hakuna atakayekwambia.

Kwenye simu hiyo hiyo maliza na mambo ya hela. Hoteli nyingi zinaruhusu mtu asiyelala pale kulipia bwawa tu, lakini kila moja na utaratibu wake, nyingine ukilipa kiingilio hela inakatwa kwenye chakula na vinywaji utakavyoagiza, nyingine kiingilio ni kiingilio na chakula unalipa tena, nyingine wakijaa wageni hawapokei mtu wa nje kabisa. Uliza taulo imo au unakuja na lako. Uliza mtoto wa miaka mingapi anaingia bure. Chakula cha nje karibu wote hawaruhusu, usije na hotpoti ukaishia kuiacha kwa mlinzi. Na kama unataka kulala, usikubali bei ya kwanza kabla hujauliza bei ya mkazi, beba kitambulisho, tofauti yake na bei ya mgeni inaweza kukushangaza. Mwezi wa nne na wa tano, masika, bei za pwani zinashuka sana, baadhi ya hoteli za fukwe zinafunga kabisa ila zilizobaki wazi zinakuwa tulivu, na mvua ya masika mara nyingi inapiga inaacha, hapo katikati unaogelea kwenye maji yaliyopoa vizuri peke yako. Mimi naipenda kuliko Desemba.

Sasa umefika. Usivue viatu ukakimbilia majini, nenda kwanza pembeni ya bwawa upande wa kina kirefu, chuchumaa, angalia chini kabisa. Pale sakafuni kuna kifuniko chenye matundu ambapo maji yanavutwa kwenda kwenye pampu. Unatakiwa ukione wazi, mpaka matundu yake. Ukiona kama kivuli tu au hukioni kabisa, usiingie wewe wala mtoto wako, kwanza maji hayajachujwa vizuri, pili mtu akizama humo chini hakuna atakayemuona. Halafu pitisha vidole kwenye vigae pale maji yanapogusia ukuta. Visipoteleza sawa, vikiwa na utelezi kama ganda la bamia ujue kuna mwani umeanza kuota na dawa haitoshi. Mambo haya mawili yanachukua dakika moja, na mimi nimeshageuka mlangoni zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo.

Na harufu. Wengi tunaamini bwawa linalonuka dawa kali ndo safi, sivyo. Klorini yenyewe kwa kipimo chake hainuki hivyo, ile harufu inayokukaba ni klorini ikishakutana na mkojo, jasho na uchafu wa miili ikageuka kitu kinaitwa kloramini, na hiyo ndo inayofanya macho yawe mekundu na kifua kikohoe. Yani bwawa linalonuka sana linakwambia watu wameingia bila kuoga. Ndo maana ile shawa iliyowekwa njiani sio pambo, simama hapo hata dakika moja, jisugue, mkojo peleka chooni na watoto wapeleke kila baada ya muda bila kusubiri waseme.

Ukimkuta yule kaka anayehudumia bwawa msalimie vizuri, halafu muulize leo maji yamepimwa saa ngapi. Anayejua kazi yake anafurahi kuulizwa. Mmoja alinionesha kile kiboksi chake kidogo chenye vichupa viwili, anachota maji anadondosha matone, upande mmoja yanageuka njano, hiyo ni klorini, upande wa pili yanakuwa mekundu mepesi, hiyo ni pH, yani kipimo cha maji kuwa na asidi kiasi gani, halafu analinganisha na rangi zilizochapwa pembeni. Klorini inatakiwa iwe kama miligramu 1 mpaka 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Akaniambia kitu sikuwa nakijua, kwamba jua lenyewe linaila klorini, kwa hiyo bwawa la nje likipigwa na jua kali siku nzima na watu wamejaa, jioni dawa imeshapungua. Sababu nyingine ya kwenda asubuhi hiyo. Na tafadhali mtoto aliyeharisha wiki hii asiingie hata kama ameshapona, kuna kijidudu kinaitwa Cryptosporidium kinaweza kuishi zaidi ya wiki nzima kwenye maji yenye klorini ya kutosha kabisa.

Wazazi wenzangu hapa nitakaa kidogo. Mtoto anayezama hapigi kelele. Hatupi mikono juu akaita mama, anazama kimya, kichwa kinarudi nyuma, mdomo uko usawa wa maji, na sekunde chache tu zimeisha, na wewe uko mita tatu pale unajibu meseji. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, yanachomoka. Kanuni yangu ni kwamba mtoto asiyejua kuogelea mkono wangu umfikie wakati wote, kwa maana hiyo na mimi niko majini. Tukiwa kundi tunawekeana zamu ya dakika 20, mwenye zamu hana simu, hana glasi, hapigi stori, anatazama maji tu, ikiisha anamwambia mwenzake kwa mdomo "sasa ni wewe" na anasubiri aitikie. Mwokoaji wa hoteli akiwepo mshukuru Mungu, lakini hoteli nyingi za kwetu yule aliyevaa fulana yenye maandishi ndo huyo huyo anayepeleka taulo na kuokota glasi. Angalia pia namba za kina zilizoandikwa pembeni, kuna mabwawa yanaanza mita 1.2 halafu ghafla sakafu inaporomoka mpaka mbili na zaidi, pita mwenyewe kwa miguu kwanza.

Kwa akina dada, nywele. Kabla ya kuingia zilowanishe na maji ya bomba mpaka zinywe, nywele iliyoshiba maji safi hainywi sana ya klorini, halafu paka mafuta ya nazi ndo uvae kofia. Mwenye rasta ndefu ajue zitakuwa nzito na kukauka ni kesho yake, zifunge juu. Ukitoka suuza pale pale, usisubiri nyumbani. Wanaojisitiri, hoteli nyingi hazina shida na burkini, lile vazi la kuogelea linalofunika mwili wote, ila wanataka iwe kitambaa cha kuogelea, leso, dera na fulana za pamba wanakataa kwa sababu zinaachia nyuzi zinazoziba filta na nguo ikilowa inakuvuta chini, hiyo ya pili mimi ndo naona ya maana zaidi. Waulize kwenye ile simu ya asubuhi.

Haya, ninayoyapenda.

Dar katikati ya mji, Serena pale Ohio Street, wakongwe bado wanaiita Sheraton na wengine Movenpick kwa sababu imepita majina yote hayo. Bwawa liko ndani ya bustani, miti imelizunguka, unasahau kabisa kwamba nje pale kuna bodaboda na honi. Hili ni la mtu mmoja anayetaka kuandika, kusoma au kulala tu. Ukitaka bahari mbele yako basi Sea Cliff, kule mwisho wa rasi ya Msasani, upepo ni mwingi na hilo ndo jema lake, Januari na Februari wakati Dar inakuwa kama ndani ya sufuria pale unapumua. Kwa familia yenye watoto wenye nguvu nyingi nenda Kunduchi au Mbezi upande wa bahari, ila Wet 'n' Wild sijaiweka kwenye orodha hii kwa sababu ile ni michezo ya maji, watafurahi sana na wewe utarudi umechoka kuliko ulivyoenda.

Zanzibar ndo ngoma yenyewe na hapa kuna siri moja ambayo wageni wengi wa bara hawaijui mpaka wamefika. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Matemwe, maji yakipwa yanakwenda mbali sana, unawaona kina mama wa mwani kule kama nukta, na wewe umelipia ufukwe huna pa kuogelea kwa masaa. Kule bwawa la hoteli sio anasa ni lazima, usibuki nyumba isiyo nalo kama ulitaka kuogelea siku nzima. Angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Mwezi ukiwa mpevu au ndo umeandama, siku za bamvua, maji yanajaa karibu na saa kumi na yanapwa karibu na saa nne, kwa hiyo asubuhi yako yote ni ya bwawa na alasiri ni ya bahari. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu, maji mafu, mambo yamegeuka, saa nne asubuhi bahari imejaa na haiendi mbali sana ikipwa. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Mimi napanga hivyo na sijawahi kukaa nimenuna ufukweni. Nungwi na Kendwa kule kaskazini bahari haikimbii hivyo, unaogelea muda wote, kwa hiyo kule usilipe zaidi kwa ajili ya bwawa tu.

Mji Mkongwe wenyewe nina matatu. Serena ya Shangani, imekaa kwenye majengo ya zamani likiwemo lile la shirika la simu la zamani, Extelcoms, bwawa linaitazama bahari na jioni majahazi yanapita mbele na matanga yao huku vijana wa Forodhani wanaanza kuwasha majiko, moshi wa mishkaki unakufikia ukiwa majini. Park Hyatt pale Mambo Msiige ina lile bwawa ambalo ukingo wake hauonekani, maji yanamwagika upande wa bahari yanaangukia kwenye mfereji uliofichwa chini halafu pampu inayarudisha juu, macho yanadanganyika bwawa na bahari ni kitu kimoja. Ni la bei, nenda siku moja tena kwa machweo. Watoto usiwaache wakae juu ya ule ukingo. Na Tembo House, wao hawauzi pombe, bwawa liko uani karibu na ufukwe, ukiwa na mama, shangazi na watoto hapo ndo panafaa, hakuna mtu atakayewasumbua na hakuna muziki wa kupasua masikio. Na popote Unguja ukitoka bwawani vaa kitu juu kabla hujatoka nje mitaani, wenyeji ni wastaarabu hawatakusema lakini linawaumiza.

Mombasa nimekaa Bamburi, Sarova Whitesands, ina mabwawa matano, na faida yake ni kwamba lenye kelele unaliacha unaenda lingine, wenye watoto huku na wenye usingizi kule. Diani kuna Swahili Beach, mabwawa yameshuka ngazi kwa ngazi kutoka juu mpaka mchangani, unaanza juu asubuhi unamalizia chini jioni.

Bara ni hesabu nyingine, baridi. Arusha iko juu mita kama 1,400, mwezi wa sita na wa saba maji ya bwawa yanakata mifupa, uliza kama wanayapasha moto, na ukiambiwa ndio muulize mgeni uliyemkuta pale sio mhudumu. Lakini kuna mawili ambayo hata usipoingia majini hujapoteza, Lake Manyara Serena ambapo bwawa limekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa na ziwa liko chini kabisa huko, na Four Seasons ya Serengeti ambapo chini ya bwawa kuna dimbwi na tembo wanakuja kunywa huku na wewe umeegemea ukingo unawaangalia. Hiyo ya Serengeti ni hela ya kuchanga muda mrefu, niliifikia mara moja kwa kazi na bado naiota. Kwa wa kanda ya ziwa, Mwanza na hata Kampala, bwawa la hoteli lina sababu nzito zaidi, Ziwa Victoria lina kichocho, na hakijali hoteli ina nyota ngapi. Kampala Speke Resort Munyonyo wana bwawa la mita 50 la kiwango cha Olimpiki, wanaopenda kuogelea kwa mizunguko hawatapata raha kama ile sehemu nyingi.

Na Kigali, pale Mille Collines. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maji yalipokatwa, zaidi ya watu elfu moja waliokimbilia hotelini walikunywa maji ya lile bwawa wakaishi. Leo ni bwawa la kawaida, watoto wanacheza. Mimi huwa naingia taratibu pale, sirukii.

Vya kubeba sio vingi: taulo la ziada, ndala, maji ya kunywa kama wanaruhusu, mafuta ya jua upake nusu saa kabla na tena kila baada ya masaa mawili hata sisi weusi, kitenge cha kujifunika kivulini, kitabu. Simu iwekwe mkobani mpaka saa ya kula. Kiti chagua kwa kuangalia kivuli kitakapokuwa saa saba sio kilipo sasa hivi, muulize mhudumu anajua, na kaa mbali na spika hata kama asubuhi iko kimya, kwa sababu saa sita wataiwasha.

Ukitoka jioni oga kwa sabuni, na nguo ya kuogelea isuuze hapo hapo kwa maji ya bomba mpaka harufu iishe, ikamue kwa kuibana sio kuisokota, ikifika nyumbani ianike kivulini. Klorini ikikaukia humo inakula lastiki, na mwezi ujao utaivaa ikuvuke.